Jino kisukuku

Mtu anayeosha mchanga wa dhahabu katika kijito karibu na Kasugho, huku Lubero, akikuta jino jeusi na zito chini ya karai lake, atasema ni jino la jiwe. Aliyepita shuleni atasema fosili, maana ndivyo alivyolisikia kwa Kifaransa. Kiswahili sanifu kina kisukuku, wingi visukuku, na wengi tumelizoea neno hili redioni, habari za tabianchi zinapotaja mafuta ya kisukuku. Hapo limepata hasara: wapo wanaodhani kisukuku ni aina ya mafuta, kumbe ni mabaki au alama ya kiumbe cha kale iliyohifadhiwa ardhini.

Neno la Kilatini lililozaa "fosili" lilianza likiwa na maana pana, kitu chochote kilichochimbwa. Mtaalamu wa madini Georgius Agricola alipoandika juu ya visukuku mwaka 1546, alichanganya humo madini na vito. Meno yalisaidia kuibana maana hiyo. Mwaka 1666 mwanaanatomia Nicolas Steno alipasua kichwa cha papa mkubwa huko Florence, akaona meno yake yanafanana na vijiwe ambavyo watu wa Ulaya waliviita ndimi zilizogeuka mawe. Mwaka uliofuata akachapisha hoja kwamba vijiwe hivyo ni meno ya papa wa zamani.

Jino hudumu kuliko mfupa kwa sababu ya enameli, gamba lake la nje, ambalo takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Tena jino humtaja mwenyewe. Gego la tembo ni mabamba yaliyopangwa kama vipande vya mkate, na kwa tembo wa Afrika yakilika huacha maumbo ya almasi. Gego la kiboko likilika huonyesha miduara mitatu iliyoshikana, mithili ya mafiga. La nguruwe lina vinundu. La swala na nyati lina miezi michanga iliyolazwa ubavu kwa ubavu. Jino la mamba ni pia iliyo wazi ndani, halina mizizi ya kugawanyika.

Lakini umbo hutaja mnyama tu, halitaji umri. Rangi nayo hudanganya: chuma na manganizi vilivyomo majini vinaweza kulitia weusi jino la mnyama aliyekufa juzi. Ndiyo maana silipendi "jino la jiwe". Kisukuku si lazima kiwe kimegeuka jiwe, na wataalamu wengi huweka mpaka wa umri kwenye miaka 10,000 hivi.

Hapa Kasugho miamba ya milima yetu ni mikongwe mno, ya kabla wanyama wenye meno hawajatokea, na udongo wa msitu wenye tindikali hula mifupa. Jino la kijitoni huku, nadhani yangu ya kwanza ni nguruwe wa msituni au nyati wa karibuni. Teremka bondeni, mto Semuliki unapotoka Ziwa Edward, hali ni nyingine. Pale Ishango, mwanajiolojia Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akapata kambi ya wavuvi wa miaka zaidi ya 20,000 iliyopita. Kando ya mto huohuo kuna tabaka za takriban miaka milioni 2, zenye mabaki ya samaki, viboko na tembo. Gego lilelile la kiboko laweza kuwa takataka mahali fulani, na kisukuku mahali pengine.

Kuhusu tungo, "jino la kisukuku" limeiga "mafuta ya kisukuku", na hapo maana inapotea. Mafuta yametokana na kisukuku. Jino lenyewe ndilo kisukuku. Kiswahili kinajua kuunganisha majina mawili bila kiunganishi: bata mzinga, njugu mawe, askari kanzu. Basi naandika jino kisukuku, meno visukuku. Na kwa kuwa umri hujulikana kwa mahali lilipotoka, karatasi inayofungwa pamoja na jino iandikwe jina la kijito, ukingo gani, na kama lilitoka ndani ya tabaka au lilikuwa limelala tu kwenye changarawe.