Mama Aliyeanza kwa Kunyamaza: Habari za Bibi Mary Sumner



Wakati wa jubilei twapenda kuhesabu. Twahesabu miaka, na makanisa yaliyojengwa, na mashule, na maaskofu na makasisi waliotutangulia. Ni vema kufanya hivyo. Lakini iko kazi moja isiyoandikwa katika daftari ya mtaa wo wote, nayo ni kazi ya mama nyumbani mwake. Kabla mtoto hajafika mbele ya mwalimu akaandikwa jina, amekwisha kufundishwa kusema, na kushukuru, na kuchukia uongo, na kupiga magoti. Ni nani aliyemfundisha? Kwa hiyo nimeona yafaa kuwaeleza habari za mama mmoja wa Uingereza, ambaye matunda ya kazi yake twayaona katika mitaa yetu, ijapokuwa wengi hawajui maisha yake. Huyo ni Bibi Mary Sumner, aliyeanzisha Umoja wa Akina Mama.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1828, karibu na mji wa Manchester, na jina lake la ujanani lilikuwa Mary Heywood. Baba yake alikuwa mtu wa benki, mwenye mali. Mwaka 1832 akawahamisha watu wa nyumba yake mpaka Hope End, katika nchi ya Herefordshire, penye mashamba na vilima. Mary akasomeshwa nyumbani, akajifunza lugha za kigeni. Tena alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, akaenda Roma kuifundisha sauti yake. Huko ndiko alikoonana na George Sumner, mwana wa Askofu wa Winchester. Wakaoana mwaka 1848, naye Mary alikuwa na miaka 19. Mumewe alikuwa kasisi, na mwaka 1851 akapewa mtaa wa Old Alresford, kijiji cha wakulima katika nchi ya Hampshire. Mungu akawajalia watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja.

Sasa angalieni jambo hili. Bibi huyu alikuwa amefundishwa muziki, na lugha, na adabu zote za watu wakubwa. Lakini alipozaa mtoto wake wa kwanza, akamchukua mikononi, aliingiwa na hofu. Aliona amekabidhiwa roho ya mtu ailee, wala hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Hofu ile hakuisahau. Miaka ikapita, na mwaka 1876 binti yake Margaret akajifungua mtoto, na Bibi Mary akawa nyanya. Ndipo alipomwona binti yake amesimama palepale aliposimama yeye zamani. Akafikiri moyoni: ikiwa mimi niliyepata mafundisho mengi nilitetemeka, je, mama wa kijijini mwenye nyumba ndogo na watoto wengi, naye hana wa kumsaidia, hali yake ikoje?

Basi akawaalika akina mama wa mtaa waje nyumbani kwa kasisi. Akawaalika wote pamoja, wake wa wenye mali na wake wa vibarua. Jambo hili lilikuwa geni siku zile, maana watu wa Uingereza walitengana sana kwa vyeo vyao. Siku ikafika, nyumba ikajaa watu. Bibi Mary akasimama kusema, na maneno yakamkauka kinywani. Hakuweza kusema neno. Ikambidi kuwaomba warudi juma lijalo.

Ndugu zangu, nimelifikiri sana jambo hili. Mwenye kiburi angaliona aibu, akaliacha shauri lile hapo hapo. Yeye hakuliacha. Juma la pili wale akina mama wakarudi, naye akasema yaliyokuwa moyoni mwake: kwamba kulea watoto ni wito, kama ulivyo wito wa kasisi au wa mwalimu, na kwamba mtu hawezi kumfundisha mtoto wake sala asiposali mwenyewe. Akawapa kadi ndogo zilizoandikwa ahadi za mama kwa Mungu, wakaenda nazo nyumbani. Huo ndio mwanzo wa Umoja.

Kwa miaka tisa kazi ile ikawa ya kijiji kimoja tu. Mwaka 1885 ukafanyika mkutano mkuu wa Kanisa katika mji wa Portsmouth. Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle alipangiwa kusema na wanawake, lakini akaona ni afadhali mama mwenzao aseme nao, akamwomba Bibi Mary. Huyu aliyeshindwa kusema mbele ya majirani zake akasimama mbele ya umati mkubwa, akasema kwa nguvu. Baada ya hayo Askofu Harold Browne wa Winchester akaufanya Umoja kuwa kazi ya dayosisi yake yote, na dayosisi nyingine zikafuata upesi. Mwaka 1896 baraza kuu likaundwa, naye akachaguliwa kuwa rais wake. Mwaka 1897, Malkia Victoria alipotimiza miaka 60 ya kutawala, akakubali kuwa mlezi wa Umoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Si haki kuwasifu waliotutangulia kana kwamba hawakuwa na mpaka. Bibi Mary alikuwa na watumishi nyumbani; hakujua kuamka alfajiri kuteka maji, wala kulima na mtoto mgongoni. Tena Umoja ulishika sana agano la ndoa, na kwa miaka mingi mwanamke aliyepewa talaka hakuweza kuwa mwanachama, hata kama kosa halikuwa lake. Mwaka 1974 kanuni hizo zikalegezwa. Nafikiri twapaswa kulikumbuka jambo hili pia. Maana mama aliyeachwa na mumewe, naye alea watoto peke yake, ndiye mwenye haja ya wenzake kuliko wote. Tukimfungia mlango, tumeiacha njia ya yule aliyewaalika wote waketi nyumba moja.

Mumewe, aliyekuwa amepata kuwa Askofu wa Guildford, alifariki mwaka 1909. Bibi Mary akaishi miaka mingine kumi na zaidi, akafariki mwezi wa Agosti 1921, mwenye miaka 92. Akazikwa kando ya mumewe, penye Kanisa Kuu la Winchester. Leo wanachama wa Umoja wapita milioni 4, katika nchi zaidi ya 80, na sehemu kubwa yao ni akina mama wa Afrika. Nao ndio wanaowatembelea wagonjwa, na kuwafariji waliofiwa, na kuwapokea mayatima, pasipo mshahara. Mwaka 2026 ni mwaka wa 150 tangu siku ile aliponyamaza mbele ya majirani zake.

Nami nina neno kwa walimu wenzangu. Mara nyingi twalaumu, twasema wazazi wametuachia watoto wao. Lakini namkumbuka mama mmoja wa mtaa wetu asiyejua kusoma. Kila jioni, akiisha kupika, alimkalisha mwanawe karibu na taa amsomee somo la siku ile. Mtoto alipobabaika, mama alisema, "Rudia hapo, sikusikia vizuri." Mtoto akarudia mpaka likanyoka. Hata alipokuwa mtu mzima ndipo alipofahamu ya kuwa mama yake hakujua hata herufi moja. Mimi nilijivunia mtoto yule darasani, nikadhani ni kazi yangu.

Wazee wetu walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi, jubilei hii itakapokwisha na nyimbo kunyamaza, kila mmoja wetu aende kwa mama aliyemlea, kama yu hai, amshukuru kwa kinywa chake. Na kama amelala, alipalilie kaburi lake. Na mama kijana anayetetemeka kwa mtoto wake wa kwanza, asione haya. Na aende kwa wenzake, waketi pamoja. Hata yule aliyeyaanza mambo haya, siku ya kwanza hakuweza kusema neno.