Mgonjwa Miongoni mwa Watu

Neno “wazimu” lina mzizi mmoja na “mzimu”, kwani wazee wetu waliuona ugonjwa huo kuwa ni kazi ya mizimu. Wakoloni nao wakaleta kuta: mwaka 1910 ilianzishwa Nairobi nyumba ya kuwatenga wagonjwa wa akili, ambayo baadaye iliitwa Mathari. Ukuta haukuondoa aibu, bali uliizidisha.

Mwaka 1954, huko Aro, karibu na mji wa Abeokuta nchini Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo alishika njia nyingine. Wagonjwa walipanga vyumba katika vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na ndugu wa kumpikia na kumwangalia. Mchana walikwenda hospitali kutibiwa. Jioni walirejea kuishi na wanakijiji. Waganga wa jadi nao walishirikishwa.

Hapo sisi walimu twapata funzo. Mwenye malaria twamwita mgonjwa na kumjulia hali. Mwenye maradhi ya akili twamwita “kichaa” na kumkwepa, kana kwamba hana jina wala kwao. Basi tulisahihishe neno hilo darasani, kabla mwanafunzi hajalichukua nyumbani.