Nyanya na Dole Gumba

Dadangu anataka kuwasomesha wanawe nyumbani, hapa Kaloleni. Majirani wanasema ati hayo ni mambo ya kizungu. Mimi nacheka. Nyanya yetu alisomea papa hapa, juu ya mkeka.

Reli ilifika Kisumu 1901, wakaja mafundi, wafanyabiashara na askari, Waislamu wakiwemo. Shule zilizofuata zilikuwa za wamisheni. Ya Maseno ilianza 1906. Huko kusoma kulienda na Biblia, na mara nyingi na ubatizo. Wazazi wengi Waislamu wakaona heri mtoto abaki nyumbani, aanze na alifu, be, te.

Nyanya akatoka na Kurani, na mwandiko pia. Madeni ya kiduka chake aliyaandika kwa Kiswahili, herufi za Kiarabu. Lakini siku ya kitambulisho, karani alizitazama zile herufi, akamsogezea wino: weka dole gumba. Kwa serikali, hakujua kusoma.

Hapo ndipo ninapowaogopea wapwa zangu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na 2021 Mahakama Kuu ikakataa ombi la kuruhusu masomo ya nyumbani. Nami niliyeacha chuo kikuu najua mtu asiye na cheti anavyopokelewa mlangoni.

Nimemwambia dada: asubuhi wavae yunifomu, jioni tandika mkeka. Daftari la Nyanya bado liko kabatini. Waanze na hilo.