Roman Holiday: Filamu ya mapenzi isiyo na harusi

Zaidi ya miaka 70 imepita tangu filamu ya Roman Holiday, yaani Likizo ya Roma, ilipotoka mwaka 1953. Hata hivyo, watalii wangali wanapanga foleni kwenye kanisa la Santa Maria in Cosmedin, mjini Roma, ili watie mkono katika kinywa cha jiwe ambacho, kwa mujibu wa simulizi za kale, humng'ata mwongo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Ann, binti mfalme wa nchi isiyotajwa, yumo katika ziara ya miji mikuu ya Ulaya. Akiwa amechoshwa na ratiba na hotuba, anatoroka usiku na kukutana na Joe Bradley, mwandishi wa habari wa Kimarekani mwenye madeni. Kesho yake Bradley anamtambua, lakini ananyamaza. Anamtembeza mjini huku rafiki yake akimpiga picha kwa kamera iliyofichwa ndani ya kiberiti cha gesi, kwa kuwa mhariri ameahidi dola 5,000 kwa habari hiyo. Kicheko kinatokana na jambo moja: kila mmoja anamficha mwenzake yeye ni nani.

Mwongozaji William Wyler aliipiga filamu yote Roma kwenyewe, katika kiangazi cha mwaka 1952. Katika onyesho la kinywa cha jiwe, Gregory Peck aliuficha mkono wake ndani ya koti bila kumwarifu mwenzake, Audrey Hepburn. Ukelele unaosikika ni wa hofu ya kweli. Hepburn alikuwa bado mgeni Hollywood, na Peck ndiye aliyetaka jina lake liandikwe sambamba na la kwake. Mwaka 1954 binti huyo alitwaa Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Lakini nyuma ya filamu hii kulikuwa na siri nzito zaidi. Oscar ya kisa bora ilipewa Ian McLellan Hunter, ilhali aliyekitunga ni Dalton Trumbo. Mwaka 1947 Trumbo alikuwa miongoni mwa watu 10 waliokataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti. Alifungwa jela, na studio zikamfungia milango. Hunter, rafiki yake, alimwazima jina ili apate riziki. Trumbo alifariki mwaka 1976. Tuzo ilikabidhiwa kwa mjane wake mwaka 1993, na mwaka 2011 chama cha waandishi wa filamu kikalirejesha jina lake miongoni mwa waandishi wa mchezo huo.

Pengine hapo ndipo penye siri ya kudumu kwa filamu hii. Wapenzi hawaoani. Ann anarejea kwenye wajibu wake, na katika mkutano na waandishi wa habari anawakuta Bradley na rafiki yake wamesimama mbele yake. Hapo ndipo anapong'amua kwamba walimjua tangu mwanzo. Mpiga picha anamkabidhi bahasha yenye picha zote kama zawadi, hakuna kitakachouzwa. Kisha Bradley anatoka peke yake katika ukumbi mtupu, mikono mfukoni, bila habari, bila zile dola 5,000, ila ameitunza amana.