Namba Chanya na Namba Hasi, Ufundishaji wa

Namba hasi ni zile zilizo chini ya sifuri, na kuzifundisha kwa wanafunzi wa miaka 12 hivi ni kazi ihitajiyo subira, kwani mtoto aliyezoea kuhesabu vitu avionavyo hustaajabu aambiwapo kwamba kipo kiasi kilicho pungufu ya kutokuwa na kitu. Mwanahisabati Brahmagupta wa Bara Hindi, mwaka 628, aliziweka bayana kaida za namba hizo kwa lugha ya mali na deni. Ilhali huko Uingereza mwanahisabati Francis Maseres alikuwa angali akizikataa namba hasi mwaka 1758, habari impayo faraja mwanafunzi anayesitasita. Aghalabu mwalimu huanza na mstari wa namba, au na hilo deni, na kwa kujumlisha njia hizo zatosha. Lakini kwamba hasi mara hasi huzaa chanya hakuelezeki kwa deni bila taklifu, na heri aandike ubaoni −3 × 2, −3 × 1, −3 × 0, ili wanafunzi wayaone majawabu −6, −3, 0 yakipanda kwa tatu tatu, na wenyewe watambue kuwa −3 × −1 haina budi kuwa 3. Kuwakaririsha kaida kabla ya kuwaonyesha sababu yake ni kosa.