Baiskeli na Jiji la Bujumbura: Historia ya Mzigo Utokao Mlimani

Historia ya uchukuzi wa Bujumbura huanza na umbo la ardhi, kwa kuwa jiji hili limekaa kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika mwinuko wa takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo tambarare ya Imbo, yaani bonde la joto linaloambaa na Mto Rusizi, inakutana ghafla na Mumirwa, ile safu ya miteremko mikali inayopanda hadi kupita mita 2,000 kabla barabara haijafika Bugarama. Sehemu kubwa ya ndizi, mboga na makaa yanayotumiwa mjini hutoka huko juu, ilhali walaji wako chini kando ya ziwa, na kwa kuwa reli haikuwahi kufika mjini humo, swali la nani abebe mzigo na kwa chombo gani limekuwa likijibiwa upya katika kila kizazi.

Jibu la kwanza lilikuwa kichwa cha mpagazi. Wajerumani walipoanzisha kituo cha kijeshi cha Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, bidhaa zilikuwa zikisafirishwa kwa mitumbwi na majahazi ziwani na kwa misafara ya miguu nchi kavu, na hali hiyo haikubadilika mara moja baada ya Wabelgiji kuutwaa mji mwaka 1916 na kuufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi, eneo walilokabidhiwa na Shirikisho la Mataifa. Barabara zilizochimbwa kwa kazi ya shuruti ndizo zilizofungua njia kwa lori na, baadaye kidogo, kwa baiskeli. Hata hivyo baiskeli haikuingia katika nchi hizi kama chombo cha mizigo. Mwenye nayo alikuwa karani, mwalimu wa misheni au katekista, yaani mtu wa mshahara, na kuimiliki kulikuwa alama ya cheo kama yalivyokuwa mavazi ya kizungu. Mkulima aliyepita kando yake na furushi kichwani hakuwa na sababu ya kuifikiria kama jembe lake.

Kilichoibadilisha hadhi hiyo ni mafundi pamoja na bei. Buyenzi, mtaa wa Waswahili uliopangwa na Wabelgiji kwa njia zilizonyooka, ulikusanya wazawa wa wafanyabiashara na wapagazi waliotoka Ujiji, Umanyema na pwani, wengi wao Waislamu, na hadi leo mtaa huo unajulikana zaidi kwa gereji na vipuri vyake. Palipo na fundi anayeweza kunyoosha rimu, kubadili spoki na kuchomelea fremu iliyovunjika, baiskeli iliyochakaa haifi, bali hushuka daraja kutoka kwa karani hadi kwa mchuuzi, kutoka kwa mchuuzi hadi kwa mchukuzi. Baadaye baiskeli za China na India, nzito na za bei nafuu kuliko zile za Ulaya, zilikamilisha mabadiliko hayo.

Kazi iliyowapa waendesha baiskeli wa Burundi sifa nje ya mipaka ni ile ya kushusha ndizi kwa Barabara ya Taifa namba 1. Mikungu hufungwa juu ya keria na ubavuni, pande zote mbili, mpaka mwendeshaji aonekane kama amekaa ndani ya shehena, na uzito wake unaweza kupita kilo 100. Kisha huachiwa mteremko wenye kona kali, huku baadhi yao wakisaidia breki dhaifu kwa soli ya kiatu. Wapita njia hustaajabia kasi, lakini ugumu wa kiuchumi wa kazi hii uko upande mwingine. Kushuka hakuhitaji mafuta wala nguvu ya miguu. Ni kurudi ndiko kunakogharimu, kwa sababu kuisukuma baiskeli kwa miguu hadi Bugarama humeza sehemu kubwa ya siku, na siku iliyoliwa na kupanda ni siku isiyo na mzigo wa pili. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kudandia malori, ambapo vijana kadhaa hushika kwa mkono mmoja nyuma ya gari linalopanda polepole na kuvutwa kilomita kwa kilomita. Wamekufa wengi kwa namna hiyo, na marufuku za polisi hazikuikomesha, jambo lisiloshangaza, kwani faida yote ya safari imo katika mvuto huo wa bure.

Tambarare nayo ilizaa kazi tofauti kabisa, ile ya teksi-velo, yaani baiskeli inayobeba abiria kwenye keria iliyowekewa mto. Mfano wake ulikwisha kuonekana tangu miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, lakini Bujumbura ilikuwa na mazingira yake. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 viliwaondoa watu wengi mashambani, na vikwazo vya kiuchumi vilivyowekwa na nchi jirani kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 vilifanya petroli kuwa adimu na ghali. Kijana asiye na shamba wala mtaji aliweza kukodi baiskeli, kumpa mwenyewe hesabu yake ya siku na kubaki na kinachozidi. Kazi ilipokua, waendeshaji walijiunga katika chama chao, SOTAVEBU, na ikawa vigumu kuwaona kama wazururaji tu.

Soko Kuu lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, biashara ilitawanyika kuelekea masoko ya mitaani kama Ruvumera huko Buyenzi, na mahitaji ya safari fupi za mizigo midogo, ambazo lori haliziwezi na basi halizitaki, yakaongezeka. Siasa nayo iliipenda baiskeli kwa njia yake: Rais Pierre Nkurunziza, aliyewahi kuwa mwalimu wa michezo, alikwenda kupiga kura kwa baiskeli mkoani Ngozi mwezi Julai 2015. Miaka saba baadaye serikali iliyomfuata iliona mambo kwa jicho jingine. Kuanzia tarehe 21 Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji za biashara zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, kwa hoja za ajali na msongamano.

Hoja ya ajali ilikuwa na msingi, lakini wakati uliochaguliwa ulikuwa mbaya, kwani uhaba wa mafuta ulizidi kuibana nchi katika miaka iliyofuata, mabasi yakaadimika, na foleni za abiria vituoni zikarefuka hadi usiku huku wengine wakienda kwa miguu umbali ambao awali walilipia kiti cha baiskeli. Waendeshaji wenyewe walisogea pembezoni, kwenye mitaa ya kaskazini na barabara za mipakani mwa jiji, ambako mzigo unaoshuka kutoka Mumirwa hupaswa kuhamishiwa kwenye chombo kingine, na nauli ya kipande hicho cha mwisho huingia katika bei ya mkungu wa ndizi kabla haujafika sokoni.