Uwanda wa Upepo

Taarifa ya hali ya hewa inapotangaza upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, kama Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inavyozoea kuiandikia pwani ya Bahari ya Hindi, msikilizaji hupewa namba mbili zilizofungwa pamoja, kana kwamba ya pili imezaliwa na ya kwanza peke yake. Sivyo. Upepo huohuo wa kilomita 40 ukivuma ndani ya ghuba ndogo hauinui hata nusu mita ya maji. Ukivuma kwenye ziwa refu huinua mawimbi ya kuzamisha mtumbwi. Wimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda ambao umevuma bila kukatika, na umbali wa maji matupu ambao upepo umeupita kabla ya kukufikia. Mawili ya kwanza Kiswahili kinayataja bila taabu. La tatu halina jina lililozoeleka, na kukosekana kwa jina hilo kunaacha pengo ndani ya tahadhari zenyewe.

Kwa Kiingereza umbali huo huitwa fetch, na Kifaransa, ambacho ndicho kinachobeba maandishi mengi ya kitaalamu nchini Burundi, kimelichukua neno hilohilo lilivyo. Kinachotokea ni hiki: upepo ukigusa maji yaliyotulia hutia kwanza vikunyanzi. Vikunyanzi hivyo huuparuza uso wa maji, upepo ukapata mahali pa kusukumia, na kijiwimbi kikaanza kusafiri upande uleule unakoelekea upepo, kikilishwa njia nzima. Njia ikiwa fupi, wimbi hufika ufukweni changa. Ikiwa ndefu, hufika limekomaa. Watafiti waliopanga vipimo vyao katika mstari wa kilomita 160 kutoka kisiwa cha Sylt, Ujerumani, kuingia Bahari ya Kaskazini, miaka ya 1968 na 1969, walichapisha matokeo mwaka 1973, na kanuni yao bado inatumika: kwa upepo wa kasi ileile, umbali ukizidi mara nne, kimo cha wimbi huzidi mara mbili. Tukiupigia hesabu upepo wetu wa kilomita 40 kwa saa, kilomita mbili za maji zinatoa wimbi la robo mita, kilomita 10 zinatoa nusu mita na ushei, kilomita 50 zinavuka mita moja na robo. Kilomita 100 zinakaribia mita 1.8, mradi upepo uvume saa nane au tisa mfululizo.

Mtu wa Gitega, ndani ya Burundi, anaweza kuuliza yanamhusu nini haya, naye anaishi kwenye mlima, mbali na maji. Yanamhusu sana. Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, ambayo ndiyo yenye dhamana ya hali ya hewa nchini, ina makao yake Gitega, na mwandishi wa taarifa anaandikia maji asiyoyaona dirishani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na upana wa wastani wa kilomita 50 tu, na limelala kati ya kaskazini na kusini. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki hulifuata ziwa kwa urefu wake na kuyaelekeza mawimbi kwenye ncha ya kaskazini, ilipo Bujumbura. Si kwamba kilomita zote 670 zinafanya kazi: ziwa lina kona, na wembamba wake hupunguza nguvu ambayo maji ya wazi ya bahari yangeipokea. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kati ya upepo unaolikata ziwa kwa upana, kutoka ng'ambo ya Kongo, na upepo wa kasi ileile unaopanda kutoka kusini. Taarifa inayotaja kasi peke yake inazifanya siku hizo mbili kuwa siku moja.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika upepo wa usiku. Jua likizama, nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, na hewa hushuka kutoka milimani kwenda majini. Mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, huondoka jioni na taa zake wakati kama huo. Anayesimama ufukweni Rumonge huku upepo ukimpiga mgongoni anatazama maji laini miguuni pake, kwa sababu upepo ndiyo kwanza unaanza safari yake juu ya maji. Mita 100 mbele kuna vikunyanzi. Kilomita tano mbele mawimbi yanagonga ubavu wa mtumbwi, na kurudi ni kupiga kasia dhidi ya upepo. Ulaini wa ufukweni haukumwambia chochote kuhusu huko aendako. Hapa istilahi inafanya kazi ambayo jicho haliwezi, maana inamfanya mtu aulize upepo umetokea wapi na umebakiza maji kiasi gani mbele.

Basi tuliiteje jambo hili? Masafa ya upepo ndilo jibu linalokuja haraka, lakini neno masafa limekwishatumika katika fizikia na redio, na likikaa karibu na neno mawimbi kila msikilizaji atafikiria masafa mafupi na marefu ya matangazo. Mkondo wa upepo utachanganywa na mkondo wa maji, ambao ni hatari nyingine kabisa. Mbio za upepo zitasomeka kama kasi. Mabaharia wa pwani wana goshini, upande unakotoka upepo, na demani, upande unaokingwa, nayo ni maneno ya thamani ambayo yangestahili kurudi katika taarifa. Lakini yanataja upande, hayapimi umbali. Kuna pia njia ya kutohoa na kusema fechi. Sina chuki na utohozi, ila fechi haimwambii kitu mtu anayeisikia mara ya kwanza redioni, na taarifa ya tahadhari haina nafasi ya kujifafanua. Napendekeza uwanda wa upepo. Uwanda ni mahali peupe, tambarare, pasipo na kizuizi, na hicho ndicho upepo unachokihitaji ili ujenge wimbi.

Watasema uwanda ni eneo, ilhali kinachopimwa ni urefu. Pingamizi hili lina haki, ila haliliangushi neno, kwa kuwa hata wataalamu wa bahari hutumia istilahi yao kwa maana zote mbili: eneo la maji linalopulizwa na upepo mmoja, na urefu wa eneo hilo. Inatosha kusema uwanda wa kilomita 30, kama tunavyosema barabara ya kilomita 30 bila mtu kuuliza kuhusu upana wake. Wengine watasema wavuvi wanayajua haya tangu zamani bila istilahi. Wanayajua, na kwa ghuba zao wanawazidi wataalamu. Lakini ujuzi huo umefungwa kwenye ufuko mmoja, na mvuvi akihama kutoka Nyanza-Lac kwenda Kigoma, au boti ya mizigo ikivuka kwenda Uvira, nahodha anahitaji neno linaloeleweka kwenye fuko zote tatu. Kiswahili ndicho kinachovuka mipaka hiyo, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ndiyo jukwaa linalofaa kuliamua.

Lakini Muyinga, mbali na Tanganyika, inatuwekea mpaka wa istilahi yenyewe. Huko, eneo la Giteranyi linagusa Ziwa Rweru, ambalo Burundi inagawana na Rwanda: ziwa la takriban kilomita mraba 100, kina chake mita chache tu. Kwa kanuni ya uwanda peke yake, Rweru ingehesabiwa kuwa salama kila siku. Lakini kanuni ya Sylt ilitoka kwenye maji yenye kina zaidi, na pale ambapo chini pako karibu, wimbi haliwezi kurefuka. Hubaki fupi, limesimama wima, likifuatwa na jingine kabla mtumbwi haujainuka. Mtumbwi mwembamba wa mti mmoja huingia maji kwa wimbi la kimo ambacho boti ya Tanganyika isingekijali. Kwa hiyo taarifa ya Tanganyika itaje kasi ya upepo, muda wake na uwanda wake. Ya Rweru iongeze kina, na kipimo cha tahadhari kiwekwe kwa kuufikiria mtumbwi wa Giteranyi badala ya boti ya Bujumbura.